Umechoka na wokovu? Soma habari za Apolo Kivebulaya

Kijana mwenzangu, wokovu wa Jumapili si kazi. Kwaya imeimba, kinanda kimelia, mhubiri ametoka jasho, nawe umeinua mikono ukasema kuanzia leo mambo ni mapya. Kazi ni Jumatatu.

Kama wewe ni wa Usenge unanielewa. Alfajiri mashua za omena zinarudi ufuoni, akina mama na akina dada wamesimama na beseni zao, na kabla bei haijatajwa watu wameshaanza kusukumana. Hapo ndipo dada aliyeimba jana anakumbana na mvuvi anayetaka alipwe kwa mwili kwanza, halafu ndio ampimie samaki, ile tabia inayoitwa jaboya. Hapo ndipo kaka aliyesoma somo la kwanza madhabahuni anaambiwa na wenzake waingie majini na nyavu zilizokatazwa, kwani nani atajua? Na wewe uliyehamia Kisumu, uko Kondele au Nyalenda, una mitihani yako: risiti ya uongo kazini, kubeti kwenye simu, mabeshte wanaokucheka ukisema unaenda ushirika.

Ukikataa, hakuna anayekupigia makofi. Mara nyingi unapoteza tu. Omena zinaenda kwa mwingine, wewe unarudi nyumbani na beseni tupu, na Mungu ananyamaza kana kwamba hakuona.

Nimekaa na vijana wengi wa kanisa, na sijaona wengi wanaoiacha imani kwa sababu walishindwa hoja. Wengi huchoka tu. Wanakosa Jumapili moja, kisha ya pili, kisha Biblia inakuwa kitu cha kuwekea chaja juu yake. Wewe uliye katika uchovu huo ndiye ninayetaka umjue Apolo Kivebulaya.

Labda hujawahi kumsikia. Upande wa Uganda na mashariki mwa Kongo, Waanglikana wanamjua vizuri. Na si mgeni kwetu kama unavyodhani. Mwaka 1906 mmisionari J. J. Willis alianzisha kituo cha Maseno na shule yake. Wakati huo Kanisa la Kianglikana upande wetu wa ziwa lilikuwa chini ya Dayosisi ya Uganda, na lilibaki hivyo hadi 1921 lilipohamishiwa Mombasa. Willis huyo huyo ndiye aliyekuwa Askofu wa Uganda kuanzia 1912, na kwa hiyo askofu wa Apolo. Kwa maneno mengine, babu wa babu yako aliyejifunza herufi pale Maseno na huyu Apolo walikuwa watu wa dayosisi moja.

Apolo alizaliwa karibu na mwaka 1864 huko Singo, Buganda. Alikuwa pacha, ndiyo maana jina lake la kwanza lilikuwa Waswa, jina la pacha wa kiume aliyetangulia. Utoto wake haukuwa wa kanisani hata kidogo. Aliwekwa kwa mganga ajifunze kazi hiyo, haikumkaa. Akaingia katika Uislamu, akajifunza kusoma humo. Buganda ya siku zake ilikuwa moto. Mwaka 1886 Kabaka Mwanga aliwaua vijana Wakristo, wengi wao watumishi wa jumba lake, wengine wakichomwa Namugongo, na Apolo wakati huo alikuwa rika lao. Mwaka 1888 vita vya dini vikalipuka, na watu wakapigana kwa majina ya Mungu huku wakigombea vyeo na ardhi. Katika miaka hiyo ndipo akahamia upande wa Waprotestanti. Mwaka 1891 alikwenda Toro, magharibi kabisa, katika msafara wa kijeshi wa Kapteni Lugard.

Nakutajia hayo kusudi. Kuna vitabu vya zamani vinavyomchora Apolo kama malaika aliyeshuka na kanzu nyeupe. Hakuwa. Alikuwa mtu aliyejaribu njia kadhaa, aliyewahi kutembea na jeshi, na aliyebatizwa Januari 1895 akiwa na umri wa miaka 30 hivi. Kama wewe una miaka 24 na unaona umechelewa kwa sababu wenzako waliokoka Sunday school, hebu tulia.

Alipobatizwa akachukua jina Apolo, la yule mhubiri wa kitabu cha Matendo. Kivebulaya ni jina la utani. Alikuwa akivaa koti jekundu la kijeshi juu ya kanzu, basi watu wakamwita kitu kilichotoka Ulaya. Likamganda mpaka kaburini. Inafurahisha kwamba mtu aliyeitwa kitu cha Ulaya ndiye aliyepeleka Injili mahali ambapo Wazungu wenyewe walikuwa hawajafika kuhubiri.

Mwaka huo huo wa 1895 alirudi Toro, safari hii bila bunduki, akiwa mwalimu wa kanisa. Zingatia neno mwalimu. Katika Buganda ya siku hizo kusoma na kusali lilikuwa neno moja. Mkristo aliitwa msomaji. Hukuweza kubatizwa kwa sababu umelia mbele ya watu. Ulikaa na kitabu, herufi kwa herufi, mpaka ukaweza kujisomea Injili mwenyewe. Kazi ya Apolo ilikuwa hiyo: kukaa chini na watu wazima na watoto, kurudia silabi zile zile, leo, kesho, wiki ijayo. Haina msisimko wowote.

Mwishoni mwa 1896 akapelekwa Mboga. Hebu ipige picha safari hiyo. Ukisimama Usenge ukitazama magharibi, kuna ziwa, kisha Uganda yote kwa upana wake, kisha milima ya Ruwenzori ambayo kilele chake kina mita 5,109 na theluji juu. Ukiipita milima hiyo unashuka kwenye joto la bonde la mto Semliki, unavuka, unapanda tena ng'ambo. Hapo ndipo Mboga, ambako leo ni mkoa wa Ituri, Kongo. Nyuma yake unaanza msitu mkubwa.

Walimu waliomtangulia Mboga walikuwa wameshindwa. Mtawala wa pale, Tabaro, hakupenda mafundisho yaliyogusa pombe, wake wengi na mizimu, na alijua jinsi ya kumtoa mgeni bila kelele: aliamuru wasipewe chakula. Njaa ikawarudisha. Usiwacheke. Baganda wa hadhi ya walimu hawakuzoea kushika jembe, kulima kulihesabiwa kazi ya wanawake, na mtu asiyelima akinyimwa chakula ana siku chache tu.

Wanaosimulia maisha ya Apolo husema yeye alienda na jembe.

Ningependa ukae na jembe hilo kidogo, maana ndilo linalonigusa kuliko miujiza yote. Alijua kinachomngoja. Hakufunga siku 40 ili Tabaro abadilishwe moyo kwanza. Alichukua chombo cha kujilisha, akakubali kufanya kazi ambayo wenzake waliiona ya aibu, ili apate kubaki. Kuna kaka pale Usenge anayeona haya kuanika omena za mamake kwa sababu wasichana wanapita, halafu jioni anaomba Mungu amfungulie milango. Na kuna dada ambaye amejiunga na wenzake wanne, wakachanga kidogo kidogo ili wanunue samaki kwa fedha taslimu kutoka kwa mwenye mashua anayewaheshimu, ili asiwepo mvuvi wa kuwashika shingo. Huyo dada ana jembe. Maombi yake yana miguu.

Basi Apolo akalima, akafundisha. Watu wachache wakaanza kusoma. Tabaro naye hakukaa kimya. Apolo alipigwa, nyumba ikachomwa. Kisha likaja jambo baya kuliko yote, kwa sababu halikuwa mateso ya kishujaa, lilikuwa ajali. Mwanamke wa jamaa ya Tabaro alianguka juu ya mkuki uliokuwa kwenye nyasi, akafa. Mkuki ulikuwa wa Apolo.

Jiweke mahali pake. Kuteswa kwa ajili ya Yesu kuna heshima yake, watu wa kanisa watakuombea. Lakini kuitwa muuaji? Mtu amekufa kweli, familia inalia kweli, na chombo ni chako. Apolo alikamatwa, akapelekwa ng'ambo ya Semliki mpaka Toro kwa maofisa Waingereza, akafungwa akingoja hukumu. Mhubiri gerezani kwa kesi ya mauaji. Kama ni leo, picha yake ingezunguka vikundi vya WhatsApp kabla ya saa sita mchana, na wale aliowafundisha wangekuwa wa kwanza kuisambaza.

Ni katika kipindi hicho cha giza, kama alivyokuja kuandika mwenyewe, kwamba alimwona Yesu usiku, waziwazi kama mtu anavyomwona ndugu yake, akimtuma akahubiri msituni na kumwahidi kwamba yuko pamoja naye. Wewe unaweza kuiita ndoto, mwingine ataiita maono. Mimi naangalia kilichofuata. Alipoachiliwa, alirudi Mboga. Alirudi kwa familia ile ile iliyofiwa, kijiji kile kile, mtawala yule yule. Wachache walitegemea kumwona tena.

Na Tabaro? Ndiye aliyekuja kuomba kufundishwa. Alibatizwa akaitwa Paulo. Nadhani lile la kurudi lilimshinda. Mtu unaweza kumpiga, kumchomea na kumshtaki. Akirejea na kukusalimia huna tena cha kumfanya.

Nikifika hapa lazima niseme jambo moja bila kuzunguka, kwa sababu nimeona habari za watakatifu zikitumiwa vibaya. Kuvumilia kwa Apolo si ruhusa ya mtu kukudhulumu. Kama kiongozi wa kanisa anakushika mahali asipostahili, kama mume anakupiga, kama mwajiri anakunyonya na kukusomea mistari ya subira, hiyo si Mboga yako. Sema, toka, ripoti. Apolo aliteswa kwa sababu alikuwa akisema. Hakuna mahali aliteswa kwa kunyamazia uovu ili mkubwa fulani asiaibike.

Alipewa ushemasi mwaka 1900, akawa kasisi mwaka 1903. Miaka iliyofuata alikuwa zaidi Toro, akitembea kwa miguu kutoka kanisa dogo hadi kanisa dogo. Miaka hiyo haina hadithi nyingi za kukupa, na nadhani hiyo ndiyo hadithi yenyewe. Alikuwa na mchumba, akafariki kabla hawajaoana. Apolo hakuoa tena maishani. Si kwamba nakuambia ufanye hivyo, wengi wenu mtaoa na kuolewa na mambo yatakuwa sawa. Nataka tu ujue kwamba mtu huyu alizika ndoto ambayo huenda na wewe umeizika, na kesho yake kulikuwa na watu wanaongoja kufundishwa silabi.

Huku nyuma wakubwa wa Ulaya walikuwa wakibishana mpaka upite wapi. Mboga ilikuwa eneo la utata kati ya Waingereza na Wabelgiji, na mwishowe ikaangukia Kongo. Watu wa Mboga wakajikuta wametengwa na kanisa lililowazaa. Karibu na 1915 Apolo aliwarudia, na safari hii alikaa. Alikuwa amevuka miaka 50, umri ambao wengi huanza kutafuta parokia iliyo karibu na barabara.

Sasa hesabu nami. Lile agizo la msituni alilolipata gerezani, alilitekeleza lini? Kazi kati ya Wambuti, watu wafupi wa msitu wa Ituri, ilianza mwaka 1921. Miaka zaidi ya 20 ilipita! Sisi tukipewa unabii Ijumaa kwenye kesha, ikifika Jumatano hatujaona kitu tunahama kanisa. Katika miaka hiyo yote Apolo hakukaa akingoja msitu ufunguke. Alifanya kilichokuwa mkononi, na mlango wa msitu ulipopatikana alikuwa bado yupo.

Wambuti walikuwa watu wa kuhama, leo wako hapa, wiki ijayo wamefuata mawindo na asali. Majirani zao wakulima waliwadharau. Mtu mwenye kanzu kutoka Buganda angeweza kuwadharau vile vile, na Mungu anajua mapadri na makasisi wengi wa enzi hizo, weusi kwa weupe, waliwazungumzia kama watoto. Apolo aliwafuata kambini kwao, akala nao, akajifunza lugha yao kwa uvumilivu wa mzee anayeanza darasa la kwanza, akashughulikia tafsiri ya Injili ya Marko ili wasikie kwa sikio lao wenyewe. Idadi haikuwa kubwa. Kama ungepima huduma yake kwa macho ya mitandao, kwa wafuasi na vipakuzi, ungesema mzee amepoteza miaka yake msituni kwa watu wachache ambao kesho hawapo.

Mwaka 1922 alifanywa kanoni wa Kanisa Kuu la Namirembe, heshima kubwa kwa Mwafrika wa siku zile. Alipokea, akarudi Mboga. Unaona tena hilo neno? Ukiyaweka maisha yake pembeni na kuuliza kipaji chake kilikuwa nini, sioni kingine. Hawamsifu kwa sauti ya ajabu wala kwa maneno matamu. Alirudi. Baada ya jela alirudi, baada ya msiba alirudi, baada ya heshima pia alirudi, na hilo la mwisho wengi ndilo linalowashinda.

Tunajua mengi ya haya kwa sababu aliandika. Kwa miaka mingi aliweka daftari kwa Kiganda, akiandika safari, majina na kazi za siku. Nakuhimiza uige hili kabla ya jingine lolote. Chukua daftari la shilingi chache, usihitaji aplikesheni. Kila usiku andika mistari miwili: leo nilisoma nini, leo nilishindwa wapi, nani nimuombee. Siku ambayo hukusoma, andika hukusoma. Baada ya miezi sita utaona kwamba zile siku ulizodhani Mungu amenyamaza, kuna jambo lilikuwa likiendelea, na pia utaona bila kujidanganya ni siku gani hasa unayoanguka. Kwa wengi wa Usenge nahisi itakuwa siku ya mauzo mazuri, si siku ya njaa.

Na tafuta mtu mmoja wa kumfundisha. Haijalishi kama unajua kidogo. Pale nyumbani kuna mdogo wako, pale plotini kuna jirani ambaye hajui hata kufungua Zaburi. Apolo hakubaki katika imani kwa kujitazama moyoni kila saa kama moto bado unawaka. Kulikuwa na watu wanaomngoja asubuhi na vitabu vyao. Ukiwa na mtu anayekungoja, uchovu unakuja, lakini unaamka hivyo hivyo.

Mwaka 1933 moyo wake ulianza kushindwa. Alikuwa ameshavuka ile milima na lile bonde mara nyingi kuliko mwili unavyopaswa kuvumilia. Alitaka afie Mboga, na alifia huko tarehe 30 Mei 1933, miaka 38 tangu alipoondoka kwao kuwa mwalimu.

Kabla ya kufa aliacha agizo kuhusu kaburi. Desturi ilikuwa na upande wake wa kumlaza marehemu, na watu waliijua. Yeye aliomba kichwa chake kielekezwe magharibi, upande wa msitu, kwa sababu kazi ya huko ilikuwa haijaisha. Wakamzika hivyo. Walimu aliowafundisha waliendelea kuingia msituni baada yake, wengi wao watu ambao majina yao hayamo katika kitabu chochote. Mwaka 1972 Waanglikana wa upande huo wa mpaka wakapata dayosisi yao ya kwanza, na jina lililowekwa lilikuwa la kile kijiji alichonyimwa chakula: Dayosisi ya Boga-Zaire.